Kukokotoa mchango wa hadroni katika g−2 ya myuoni kwa kompyuta mpakato moja

Myuoni zinanyesha juu ya Mbeya mchana na usiku. Kwenye usawa wa bahari hupita karibu moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika, na huku kwetu, mita 1,700 hivi juu, hupita zaidi kwa sababu hewa ya kuzizuia ni kidogo. Myuoni ni ndugu wa elektroni mwenye uzito wa mara 207. Huishi mikrosekunde 2.2 kisha huvunjika, na katika maisha hayo mafupi ni sumaku ndogo. Nguvu ya sumaku hiyo huandikwa kwa namba g. Mlinganyo wa Dirac wa 1928 unasema g ni 2 kamili. Kipimo kinazidi kidogo, na nusu ya ziada hiyo ndiyo a = (g−2)/2.

Maabara ya Fermilab huko Marekani ilitoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2025. Ukiyaunganisha na ya zamani ya maabara ya Brookhaven, a = 116592071.5 ± 14.5, ikihesabiwa kwa vipande vya 10⁻¹¹. Ili tusirudie kipeo hicho kila mstari, kipande kimoja cha 10⁻¹¹ tutakiita punje. Fotoni na leptoni zinachangia punje 116584718.8, na nguvu dhaifu inaongeza kama 154. Hadroni, yaani chembe zilizojengwa kwa kuaki, zinachangia takribani 7,160 tu. Lakini karibu kosa lote la nadharia, yaani kiasi ambacho jibu lake halina uhakika, limekaa humo.

Kwa nini? Kwa sababu katika nishati ndogo nguvu inayofunga kuaki ni kubwa mno, na ule utaratibu wa kuongeza marekebisho madogo madogo unaofaulu kwa fotoni haufiki popote. Njia zilizobaki ni mbili: kutumia vipimo vya migongano ya elektroni na positroni (elektroni yenye chaji chanya), au kuikokotoa nguvu kali yenyewe kwa latisi, yaani gridi ya nukta za nafasi na muda, kwenye kompyuta kubwa. Njia ya kwanza mwanafunzi wa fizikia wa Mbeya au Iringa anaweza kuifanya mwenyewe, kwa kompyuta mpakato ya kawaida. Mwongozo huu ni wa njia hiyo, na latisi itaguswa mwishoni.

Hatua ya 1: Vifaa

Sakinisha Python pamoja na NumPy na SciPy. Kumbukumbu ya GB 4 inatosha. Majedwali ya vipimo yako wazi kwenye hazina ya HEPData, na uzito na upana wa chembe uko kwenye majedwali ya Particle Data Group. Mafaili ni madogo. Matriksi ya kovariansi (jedwali la makosa ya nukta na jinsi yanavyohusiana) ya nukta 300 ina namba 90,000, chini ya MB 1, kwa hiyo hata bando dogo la intaneti linatosha.

Usichukue jedwali bila matriksi zake. Kwa kila jaribio pakua vitu vitatu: thamani, matriksi ya makosa ya bahati (yale yanayotokana na idadi ya matukio), na matriksi au orodha ya makosa ya pamoja (yale yanayotokana na chombo). Ukikuta kosa moja tu limeandikwa pembeni ya kila nukta, soma maelezo ya jedwali hadi ujue ni lipi kati ya hayo mawili. Hatua ya 5 itaonyesha kwa nini jambo hili haliachiki.

Panga programu iandike matokeo ya kila chaneli (yaani kila kundi la hadroni linalozaliwa, kwa mfano pioni mbili) kwenye faili lake mara tu inapomaliza. Hesabu nzima ni ya dakika, lakini kupima makosa kwa kurudia mara elfu kumi huchukua saa, na umeme ukikatika katikati hutataka kuanza upya.

Hatua ya 2: Fungsheni ya uzani

Fomula ya kuanzia ni hii:

a = C × ∫ U(s) R(s) ds / s²

C = (αm/3π)² = 6.693 × 10⁻⁹ GeV²

Hapa m ni uzito wa myuoni, 0.105658 GeV, α ni 1/137.036, s ni mraba wa nishati ya mgongano. R(s) ni uwiano: eneo la mgongano (kipimo cha uwezekano wake) wa elektroni na positroni linalozaa hadroni, ukigawa kwa eneo la rejea 4πα²/3s. Eneo hilo la rejea ni nanobani 86.85 ukigawa kwa s iliyo katika GeV². U(s) ni uzani:

U(s) = (3s/m²) × ∫₀¹ x²(1−x) / [x² + (1−x)s/m²] dx

Ipige kwa namba moja kwa moja, kwa mfano kwa kipengele cha «quad» cha SciPy. Ipo fomula iliyofungwa yenye logariti, ila kwa s kubwa inatoa namba kubwa mbili zinazokaribiana, na tarakimu za maana zinapotea. Kabla ya kuendelea hakikisha unapata 0.63 kwenye kizingiti cha pioni mbili, hadroni nyepesi kuliko zote (√s = 0.279 GeV), 0.88 kwenye √s = 0.775 GeV, na 0.984 kwenye 3.097 GeV. U hupanda polepole kuelekea 1. Ukipata kitu kinachozidi 1, umekosea mabano.

Kinachotawala kila kitu ni s² iliyo chini ya mstari. Eneo lile lile la ds kwenye 0.4 GeV lina uzito wa zaidi ya mara 13 kuliko kwenye 0.77 GeV, kabla hata ya kuzidisha U. Ndiyo maana pioni mbili zenye nishati ndogo ndizo zinazobeba karibu robo tatu ya jibu zima.

Hatua ya 3: Ijaribu programu kabla ya kuilisha data

Majaribio matatu haya yanakamata makosa mengi, na kila moja linafanyika kwa kikokotoo cha mkononi.

La kwanza ni mkia wa juu. Juu ya √s = 11.2 GeV, R karibu haibadiliki. Kuaki tano zinatoa 11/3, na nguvu kali inaongeza kama asilimia 5, jumla 3.85. U ni 1 kwa vitendo, hivyo intigrali inakuwa R/s₀, na C × 3.85/125.4 inatoa punje 20.5.

La pili ni rezonansi nyembamba, yaani chembe ya muda mfupi inayoonekana kama kilele kikali katika R. Kwa chembe yenye uzito M na upana wa kielektroni Γ, fomula inajifupisha kuwa a = m² Γ U(M²) / (π M³). J/ψ ina M = 3.0969 GeV na Γ = 5.53 keV. Utapata punje 65. Thamani sahihi iko karibu na 62. Pengo hilo la punje tatu si kosa la hesabu: ni upolarishaji wa ombwe ambao haujaondolewa, na tutaufikia katika hatua inayofuata.

La tatu ni rho, rezonansi pana inayovunjika kuwa pioni mbili. Iweke rho (0.7753 GeV, 7.04 keV) kwenye fomula hiyo hiyo ya wembamba na utapata kama 4,710. Chaneli nzima ya pioni mbili, kwa data zilizokuwepo kabla ya 2023, inatoa karibu 5,050. Tofauti inatokana na upana wa rho: bega lake la chini linaangukia kule ambako 1/s² ni kali. Programu yako ikitoa 4,000 au 6,000 kwa pioni mbili, simama hapo. Mara nyingi kosa ni kusahau kwamba ds = 2E dE pale jedwali lilipoandikwa kwa nishati E, au kuchanganya MeV na GeV.

Hatua ya 4: Kusafisha data

Fomula inataka eneo tupu la mgongano, lakini majaribio mengi huchapisha lililovikwa. Mambo matatu ya kuangalia kwa kila jedwali:

Upolarishaji wa ombwe. Fotoni inayounganisha elektroni na hadroni hujigeuza njiani kuwa jozi za chembe, na hilo linabadilisha nguvu yake. Marekebisho hayo yanahesabiwa kwingine kama mchango wa ngazi ya pili, kwa hiyo ukiyaacha humu unayahesabu mara mbili. Zidisha eneo lililovikwa kwa (α/α(s))². Kwenye J/ψ hilo linapunguza asilimia 4 hadi 5. Karibu na rezonansi za omega na phi marekebisho hubadilika kwa kasi na hata kugeuza ishara ndani ya MeV chache, hivyo tumia jedwali laini la α(s), si namba moja kwa eneo lote. Angalia pia kama waandishi wa jaribio wameshaondoa. Kuondoa mara mbili ni kosa la kawaida sawa na kutoondoa kabisa.

Fotoni za mwisho. Fotoni iliyotoka kwenye pioni baada ya mgongano lazima ibaki ndani, kwa sababu hali ya pioni mbili na fotoni nayo ni hali ya hadroni. Fotoni iliyotoka kwenye elektroni kabla ya mgongano lazima itoke. Majaribio kama BaBar, KLOE na BESIII yanatumia fotoni hiyo ya mwanzo kama chombo cha kushusha nishati, na huwa yameshasahihisha. CMD-3 na SND za Novosibirsk hubadilisha nishati ya mashine yenyewe, hatua kwa hatua.

Umbo la jedwali. Wengine huchapisha kigezo cha umbo la pioni, |F|², badala ya eneo. Ugeuzaji ni R = β³|F|²/4, ambapo β = √(1 − 4m_π²/s). Kwenye kilele cha rho |F|² ni kama 45 na R inafika 9. Kumbuka kwamba |F|² mara nyingi hubeba upolarishaji wa ombwe na haina fotoni za mwisho, kinyume kabisa cha unachokitaka.

Hatua ya 5: Kuunganisha majaribio, na matriksi ya makosa

Hapa ndipo kazi ilipo. Intigrali yenyewe ni mistari ishirini ya programu, lakini kosa utakaloliandika mbele ya jibu linaamuliwa na hatua hii.

Fikiria magunia 100 ya viazi vya Umalila yanapimwa Uyole. Kila kipimo kina kosa lake dogo, mara mkono ulitetema, mara gunia halikukaa sawa, tuseme asilimia 1. Ukijumlisha magunia yote, makosa hayo yanafutana na jumla inabaki na kosa la asilimia 0.1. Sasa tuseme mizani yenyewe imekaza kwa asilimia 1. Pima magunia 100 au 10,000, jumla bado imekosewa kwa asilimia 1 ile ile. Nukta za jaribio moja ndivyo zilivyo: makosa ya bahati hufutana, makosa ya pamoja hayafutani. Kwa chaneli ya pioni mbili, asilimia 1 ya pamoja ni punje 50, wakati kipimo cha Fermilab na Brookhaven kina kosa la 14.5. Anayejumlisha makosa ya pamoja kana kwamba ni ya bahati anajipa usahihi ambao hana.

Kwa hiyo jenga matriksi V ya nukta zote: makosa ya bahati kutoka kwenye matriksi yake, kisha kwa kila chanzo cha pamoja (mwanga wa mashine, yaani wingi wa migongano inayotolewa, ufanisi wa chombo, marekebisho ya mnururisho) ongeza eᵢ eⱼ yᵢ yⱼ, ambapo e ni asilimia ya kosa na y ni thamani. Chanzo kilichogusa majaribio mawili, kwa mfano programu ile ile ya kukokotoa mnururisho, lazima kiunganishe nukta za majaribio yote mawili.

Mtego mkubwa unakuja sasa. Watu wawili wamepima gunia lile lile kwa mizani moja. Mmoja kapata kilo 80, mwingine 85, kila mmoja na kosa lake la asilimia 2, na mizani ina kosa la pamoja la asilimia 10. Weka namba hizo kwenye V kama ilivyoelezwa, tafuta wastani unaopunguza χ² (jumla ya miraba ya tofauti, zikipimwa kwa makosa yake), na utapata kilo 78.7. Wastani ulio chini ya vipimo vyote viwili! Hesabu haijakosewa. Kosa liko kwenye V: kosa la mizani tumelizidisha kwa 80 upande mmoja na 85 upande mwingine, hivyo namba ndogo imepewa kosa dogo, na hesabu ikaona ni nafuu kuishusha mizani. Mtego huu ulielezwa na D'Agostini mwaka 1994, na kwenye data za hadroni unashusha jibu lote bila dalili yoyote ya nje.

Dawa ni kutotumia thamani zilizopimwa katika sehemu ya pamoja. Tafuta kwanza wastani kwa makosa ya bahati tu (kwa gunia letu ni kilo 82.3), tumia wastani huo kama y kwa pande zote, kokotoa upya, rudia mpaka jibu litulie. Mizunguko mitatu au minne hutosha. Andika 78.7 na 82.3 kama jaribio la programu yako. Ikitoa ya kwanza pale unapotegemea ya pili, usiendelee.

Baada ya kuunganisha, angalia χ² kwa kila kipande cha nishati. Pale ambapo χ² ukigawa kwa idadi ya nukta huru inazidi 1, vuta kosa la kipande hicho kwa mzizi wake wa mraba. Hilo ni kiraka, lakini ni bora kuliko kujifanya data zinakubaliana.

Hatua ya 6: Kujumlisha chaneli

Kuunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka kunatosha pale ambapo data ni nyingi. Kwenye rezonansi nyembamba hakutoshi: omega ina upana wa MeV 8.7 na phi MeV 4.25, na nukta zikiwa mbali kuliko hapo, mstari ulionyooka hukata kilele na kunenepesha mabega. Huko tumia mkunjo wa rezonansi uliolinganishwa na data.

Chini ya 0.36 GeV data za pioni mbili ni chache, na hapo 1/s² ina hasira. Usivute mstari kutoka kwenye nukta ya mwisho hadi sifuri. Tumia kigezo cha umbo: F ≈ 1 + 1.86 s (s katika GeV²), kinachotokana na kipenyo nusu cha pioni cha takribani femtomita 0.66. Ukiwa na uwezo zaidi, tumia awamu za mtawanyiko wa pioni kwa pioni.

Baada ya pioni mbili fuatisha pioni tatu (kama punje 465), kaoni zenye chaji (kama 230), kaoni zisizo na chaji (kama 130), chaneli mbili za pioni nne (kila moja kati ya 130 na 200), π⁰γ (kama 44, na hii inaanzia 0.135 GeV, chini ya kizingiti cha pioni mbili), halafu zile ndogo ndogo hadi 1.8 GeV. Juu ya hapo tumia vipimo vya R ya jumla, au nadharia ya kuaki yenye msingi wa 2 chini ya kizingiti cha kuaki ya chamu na 10/3 juu yake. J/ψ na ndugu zake waongeze kwa mkono, ukihakikisha hawajajumuishwa tayari kwenye jedwali la R. Data za kabla ya 2023 zinapaswa kukufikisha karibu na 6,931 ± 40, namba ambayo kundi la kimataifa la nadharia liliichapisha mwaka 2020.

Hatua ya 7: Usichanganye kisichochanganyika

KLOE na BaBar hazikubaliani kwenye rho. Mwaka 2023 CMD-3 ikatoa matokeo yaliyo juu ya zote. Tofauti ni kubwa kuliko makosa yaliyoandikwa, na mpaka sasa sababu haijapatikana. Wastani wa vitu vitatu vinavyopingana hauna maana ya wastani. Kokotoa chaneli ya pioni mbili mara tatu, kwa kila jaribio peke yake, uandike majibu matatu. Ripoti ya kundi lile la kimataifa la nadharia ya mwaka 2025 nayo ilikataa kutoa wastani wa data, ikachukua latisi: 7,132 ± 61.

Kuhusu latisi, usijaribu kwenye kompyuta mpakato. Kinachowezekana ni kulinganisha. Majibu yake hugawanywa kwa madirisha ya muda, na dirisha la kati, femtomita 0.4 hadi 1.0 (muda hapa hupimwa kwa umbali ambao mwanga husafiri) likiwa na kingo zilizolainishwa kwa 0.15, ndilo rahisi zaidi. Kundi la BMW, la wakokotoaji wa latisi, lilipata punje 2,367 ± 14, na data za kabla ya CMD-3 zikatoa 2,294 ± 14. Unaweza kukokotoa dirisha hilo kwa data zako kwa kubadilisha fungsheni ya uzani tu. Nje ya dirisha hilo ugumu wa latisi unaongezeka: kwenye muda mrefu kelele inameza ishara, na kisanduku cha femtomita 6.3 bado kilihitaji marekebisho ya punje 187 kwa udogo wake. Pia kosa la asilimia 0.2 kwenye urefu wa hatua ya latisi linageuka kuwa karibu asilimia 0.4 kwenye jibu.

Kufunga hesabu

Kwenye jibu lako la ngazi ya kwanza ongeza ngazi ya pili (−99.6), ya tatu (+12.4), na mtawanyiko wa mwanga kwa mwanga kupitia hadroni (115.5 ± 9.9). Huo wa mwisho una fotoni nne badala ya mbili, na data haziingii moja kwa moja. Uchukue kama ulivyo. Kisha jumlisha na fotoni, leptoni na nguvu dhaifu.

Kwa 7,132 utapata 116592033 ± 62, pungufu ya kipimo kwa 38 ± 63. Kwa 6,931 na michango mingine ya 2020 utapata 116591810 ± 43, na pengo la zaidi ya punje 260. Iandike kila hesabu kwenye mstari wake, ukitaja jaribio la pioni mbili ulilotumia, na kosa la pamoja ulitenge na la bahati ili mwingine aweze kulipima upya.